Usikatae Magari ya Yosefu

UKURASA WA JAMAA



Mwezi uliopita kijana mumoja wa kanisa alinifuata kisha ibada. Ndugu yake anaishi Marekani, alipata visa kwa njia ya loteri, na sasa ametuma tiketi ya ndeke ili mama yao aende kuona wajukuu. Mama ana miaka 74 na magoti yake yanamuuma sana. Watoto wa kule wamesema watamupeleka kwa ile bustani kubwa ya michezo inayoitwa Walt Disney World, katika jimbo la Florida. Kijana aliniuliza: "Pasta, mama hafiki hata ku soko bila kuikala mara tatu. Kule atafanya nini? Si afazali abakie ku nyumba, bana bende beko?"

Ndugu zangu, ulizo hili si la kijana yule peke yake. Jamaa nyingi za mukini yetu ya migodi ziko na mutoto ngambo, na wazazi wetu wanaitwa kule wakati nguvu za miguu zimekwisha. Tena mimi mwenyewe nilikwenda pale na mama yangu mwaka 2019. Nilifanya kosa pale, na leo nataka kuwaambia kosa lile ili ninyi musilifanye.

Mahali penyewe

Kwanza mujue ukubwa wake. Usizanie ni kiwanja cha mupira chenye bembea mbili tatu. Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 mwezi wa kumi mwaka 1971, na ardhi yake inapita kilometa za muraba 100. Ndani yake kuna bustani ine kubwa, kila moja na mulango wake na tiketi yake. Moja inaitwa EPCOT: pale kuna ziwa, na kando ya ziwa wamejenga mifano ya inchi 11, na kulizunguka ni karibu kilometa 2. Ingine ni Animal Kingdom, ya wanyama, iliyofunguliwa tarehe 22 mwezi wa ine mwaka 1998. Ile peke yake ni karibu hektari 230.

Mutu mwenye miguu mizuri anatembea kilometa nyingi kwa siku moja pale, na jioni hata vijana wanalalamika. Tena kuna joto. Sisi tulitoka Likasi mwezi wa saba, wakati wa baridi yetu, mama akivaa mupira wa manyoya. Kule Florida mwezi wa saba ni joto lenye maji ndani, na kisha saa sita mvua ya ngurumo inakuja mara nyingi. Mwili wa muzee haugeuki kwa siku tatu.

Tulichagua Animal Kingdom, kwa sababu mama alisema michezo ya kuzungushwa hewani si yake, lakini nyama wa pori anawapenda.

Kosa langu

Mama yangu alikuwa na miaka 71. Alizaa watoto saba, alibeba unga na maji juu ya kichwa miaka mingi wakati baba alitumika ku mugodi, na magoti yake yalikwisha. Alitembea na fimbo.

Mbele ya kwenda, dada yangu mudogo anayeishi kule aliniambia: "Yaya, ku mulango beko na kiti ya mipira ya kukodisha. Tutakamata moja juu ya mama." Bei yake wakati ule ilikuwa dola 12 kwa siku. Mama alisikia, akakasirika: "Miye siko mufuko ya makala. Hapana kuniweka mu pusupusu."

Na mimi, muchungaji, nikasema nini? Nilisema: "Umuache tu, mama iko na nguvu."

Sasa nitatubu mbele yenu. Sikusema vile kwa heshima ya mama. Nilisema vile kwa haya yangu. Nilijiona nikimusukuma mama mbele za watu, na picha zikitumwa nyumbani, na watu wa kanisa wakisema: "Angalia, mama ya pasta amekwisha." Kwetu kiti kile ni kiti cha lopitalo. Tukiona mutu ndani yake tunaanza kuhesabu siku zake. Basi kiburi cha mama na haya ya mutoto vikapatana, na sisi wawili tukaita kile kitu nguvu.

Tuliingia asubuhi. Kutoka mahali pa kuacha motokari mupaka mulango, mama alisimama mara ine. Ndani, alikuwa siku zote wa mwisho. Wajukuu walikimbia mbele, walirudia, walingoja, walikimbia tena. Mutoto wa mwisho wa dada yangu alikuwa na miaka sita. Alimuuliza mama yake kwa sauti: "Kambo atafika wakati gani?" Mama alisikia. Aliinamisha kichwa, akaongeza mwendo, na magoti yakavimba. Mbele ya saa sita aliikala juu ya benchi, akasema: "Mwende. Mutanikuta hapa."

Tulikuwa na siku moja tu. Masaa matatu ya siku ile tuliyatupa juu ya haya.

Magari ya Yosefu

Niliikala karibu naye. Sikujua niseme neno gani. Ndipo nikakumbuka jambo nililofundishwa ku shule ya Biblia na nililolihubiri mara nyingi bila kulisikia mwenyewe.

Yakobo alikuwa kilema. Tangu usiku ule wa kushindana na malaika alichechemea (Mwanzo 32:31). Alipokuwa muzee sana, Yosefu alituma magari kutoka Misri ili wamubebe. Soma Mwanzo 45:27. Yakobo hakusadiki maneno ya watoto wake, lakini alipoona magari yale, roho yake ikafufuka. Na katika Mwanzo 46:5 tunaona nani waliingia ndani ya magari: Yakobo muzee, pamoja na watoto wadogo na wanawake. Biblia haisemi kwamba Yakobo alikataa ili watu wa Kanani wasimucheke. Haisemi kwamba watoto wake walisema: "Baba iko na nguvu, umuache atembee." Alipanda. Na kama angekataa magari, hangeuona tena uso wa Yosefu.

Nilimwambia mama maneno haya. Tena nikamwambia: "Mama, si weye uko na haya. Ni miye nilikuwa na haya. Unisamehe." Mama aliniangalia, akacheka kidogo, akasema: "Sawa. Kama Yakobo alipanda pusupusu, miye ni nani? Lete."

Nikarudi ku mulango nikaleta kiti. Na ndugu zangu, hakuna mutu mumoja aliyetuangalia. Pale wazee wenye viti ni wengi, wamoja wanasukumwa, wengine wanaendesha viti vya moteri wao wenyewe. Watu wote waliokuwa wakituangalia waliishi ndani ya kichwa changu tu.

Nyama ya kwetu

Katika Animal Kingdom kuna mutaa uliojengwa kwa mufano wa miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki. Wanauita Harambe, kutoka neno harambee la watu wa Kenya, maana yake kuvuta pamoja. Waliojenga walifanya kuta zionekane za zamani, rangi imetoka, na vibao vimeandikwa Kiswahili.

Wajukuu wa mama walizaliwa kule. Kiswahili wanasikia kidogo tu, kusoma hawajui. Mama, sasa anaikala vizuri na pumzi imerudia, alianza kuwasomea vibao. "Hapa wameandika hivi, maana yake hivi." Watoto wakashika kiti pande mbili. Ule mudogo aliyeuliza Kambo atafika wakati gani, sasa yeye alisukuma. Tangu asubuhi mama alikuwa muzigo wa mwisho; sasa alikuwa mwalimu.

Kisha tukapanda kamiyo inayozungusha watu karibu dakika 20 katika pori lililotengenezwa, mahali wanapoita Kilimanjaro Safaris. Kuna mulango wa upande kwa wenye viti, na mama aliingia na kiti chake, hakusimama. Mibuyu mingine ni ya beton, lakini wanyama ni wazima. Mara ya kwanza kabisa tulipita katika sehemu waliyoiita kwa jina la Ituri, na pale chini ya miti alisimama nyama mumoja mwenye mwili wa rangi ya chokoleti, na miguu yenye mistari kama punda milia.

Dada yangu akasema: "Mama, ile ni okapi."

"Okapi ya radio?"

"Njo ile."

Wengi wetu tunajua jina lile kwa Radio Okapi iliyoanza mwaka 2002. Nyama mwenyewe hatujamuona. Katika dunia yote okapi anaishi porini kwetu Congo tu. Wataalamu wa Ulaya walimutambua mwaka 1901 tu, lakini watu wa pori la Ituri walimujua tangu zamani. Mwaka 1992 serikali ilitenga hifazi ya okapi kule, na mwaka 1996 UNESCO ikaiweka katika urizi wa dunia. Mama yangu wa Katanga alingoja miaka 71, akapanda ndeke, akavuka bahari, kwenda kuona nyama ya inchi yake.

Alicheka mupaka machozi. "Nimekuja Amerika kuona nyama ya kwetu!" Wajukuu wakauliza maulizo mengi: Kambo, Ituri ni mbali na Likasi? Kambo, pori ni kubwa? Mama aliwaeleza hata kule ambako hakufika, kwa maana alikuwa ameshirikiana na wamama wa kanisa waliotoka upande ule. Saa moja nzima watoto hawakuomba kwenda kwa mchezo mwingine.

Wakati wa kusema "Inatosha"

Saa nane kisha adhuhuri wingu likapanda. Dada yangu alitaka tubakie mupaka usiku. Alisema: "Nimelipa zaidi ya dola 100 kwa kila mutu." Kweli, kule muzee wa miaka 71 analipa sawasawa na kijana wa miaka 20. Lakini mama alisema: "Inatosha. Mie nimeona." Na mara hii nilisimama upande wake.

Hapa pia Biblia inatusaidia. Katika 2 Samweli 19:31-40 tunasoma juu ya Barzilai, muzee wa miaka 80. Mufalme Daudi alimualika Yerusalema ale naye mezani. Barzilai alijibu kwa heshima kwamba ulimi wake hauonji tena vizuri na masikio yake hayasikii tena waimbaji. Kwa nini amuletee mufalme muzigo? Lakini hakukataa yote. Alivuka Yordani pamoja na mufalme, na akamupa Kimhamu aende mahali pake. Na Daudi hakukasirika. Alimubusu, akamubariki, akamuacha arudi kwake.

Basi vijana, musikilize. Yakobo alikubali magari, Barzilai alivuka Yordani akarudi, na wote wawili walifanya vizuri. Kazi yetu ni kuleta gari mulangoni. Kusema "twende" ama kusema "inatosha" ni haki ya muzee. Anayemuacha muzee ku nyumba bila kumuuliza amemukosea. Na anayemukokota mupaka usiku juu ya feza alizolipa amemukosea pia.

Mambo ya kujua mbele ya kwenda

Kwa kijana yule na kwa wote wenye safari kama hii, naandika mambo machache.

1. Anzeni na ndeke. Wakati wa kununua tiketi, muombe kiti cha kusukumwa kwa muzee. Katika viwanja vya ndeke vya Ulaya na Marekani huduma ile hailipwi. Hapana kungoja mupaka miguu ivimbe.

2. Viti vya kukodisha viko ndani ya mulango wa bustani, haviko ku parkingi. Na anayekuja wa kwanza njo anapata, fikeni asubuhi. Kama muzee hawezi safari ile ya kwanza, mutafute kiti chenu mbele ya kutoka nyumbani.

3. Kiti cha kusukuma na kiti cha moteri si sawa. Cha moteri ni kizuri kwa muzee mwenye macho na mikono mizuri, lakini mara nyingi hakiingii ndani ya michezo: ku kamiyo ile ya wanyama lazima kukiacha na kuhamia kiti cha kawaida. Na asibebe mujukuu juu ya magoti yake.

4. Watumishi wa pale hawana ruhusa ya kumunyanyua mutu. Kama muzee lazima ahame toka kiti kwenda mashua ama gari la mchezo, ni ninyi mutamusaidia. Mujaribu nyumbani kwanza.

5. Kuikala mu kiti si ruhusa ya kupita wengine. Tangu mwaka 2024 ile ruhusa ya kutongoja ku mustari imewekwa kwa wenye shida kama otisme. Muzee wa magoti anangoja na wengine juu ya kiti chake, ama wanamupa saa ya kurudia. Muwe wavumilivu.

6. Kwa wenye ndugu Ubelgiji na Ufaransa: bustani ya Disney iliyo karibu na Paris, iliyofunguliwa tarehe 12 mwezi wa ine mwaka 1992, inaomba karatasi za kuonyesha ulemavu kwa kupata kadi ya musaada. Muziandae mbele.

7. Dawa za muzee ziende mu mufuko wa anayemusukuma, pamoja na karatasi ya munganga. Maji kila saa, kivuli kila saa. Kila kamiyo na mchezo wa kutikisa una onyo kwa wenye mugongo mubaya na roho mugonjwa. Musome onyo mbele ya kupanda.

8. Chagueni mambo matatu tu kwa siku, na muzee achague la kwanza. Michezo ya kuikala na kuangalia, kama nyimbo za jukwaani, inamufaa kuliko ya kukimbizwa.

Na hapa kwetu?

Musomaji mumoja atasema: "Pasta, mimi siendi Florida. Kwa nini ninisomee haya?" Mupenzi, wewe una Florida yako. Siku ya posho kuna arusi, siku ya yenga kuna ibada, mwaka kuna mukutano mukubwa wa kanisa. Na katika lupango lako kuna muzee ambaye alisema: "Mwende tu, mutanikuta hapa." Ni tangu miezi mingapi hamumuulizi tena?

Ninajua viti vya mipira ni vichache kwetu. Lakini kuna kinga, kuna motokari ya ndugu wa kanisa, kuna mabega ya vijana wa kwaya. Weka kiti karibu na mulango wa kanisa. Tengeneza pale penye ngazi. Na wewe muzee, mama yangu, baba yangu, wakati watoto wanakuja na gari, usiseme "siko mufuko ya makala." Unawakatalia baraka yao.

Mama yangu alilala katika Bwana mwaka 2022. Mwaka uliofuata dada yangu alileta watoto kwetu Likasi. Ule mudogo, sasa ana miaka kumi, alisimama ku kaburi. Michezo ya Florida hakuitaja hata moja. Alisema kwa Kiswahili chake cha shida: "Miye nilisukuma Kambo. Tuliona okapi." Namushukuru Mungu kwa nusu ile ya siku. Nusu ya kwanza, ningependa Mungu anirudishie, lakini hairudi.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Katika jamaa yetu, muzee gani anabakia nyumbani kila mara? Ni yeye aliyechagua, ama ni sisi?

2. Tunakataa musaada gani juu ya haya ya watu?

3. Someni Mwanzo 45:25-28. Kwa nini magari yalifufua roho ya Yakobo kuliko maneno?

Sala: Baba wa mbinguni, wewe uliahidi kutubeba mupaka uzee wetu na mvi zetu. Uondoe haya yetu. Utupe macho ya kumuona anayebakia nyuma, na mikono ya kumusukuma. Katika jina la Yesu. Amina.